Dhahabu ya Sekenke na Nauli ya Kurudi Kwao

Kila dereva wa zamani aliyepata kuendesha lori kutoka Singida kwenda Nzega anaujua mlima Sekenke. Wengi waliuogopa kwa sababu ya kona zake, na wako waliosimama kwanza chini yake, wakapoza injini na kumwomba Mungu, ndipo wakaanza kupanda. Lakini ni vijana wachache wanaojua ya kwamba jina hilo la Sekenke lilipata kutajwa huko Ulaya zamani sana, kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba, ulianza kazi mwaka 1909, wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao wazee wetu huwaita Wadachi. Nao huhesabiwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa zama hizo katika nchi yetu.

Sehemu ya dhahabu hiyo ingaliko hata leo. Haiko Iramba, wala haiko Singida mjini. Imelala katika makabati ya wakusanyaji wa vitu adimu huko Ulaya na Marekani, nayo imefanywa sarafu. Juu ya kila sarafu amesimama tembo wa Afrika, ameinua mkonga wake, na nyuma yake kuna milima. Sarafu hizo huuzwa na kununuliwa katika minada, na siku hizi minada hiyo hufanyika katika intaneti, hata mtu wa Kiomboi aweza kuitazama dhahabu ya babu zake katika simu aliyoishika mkononi. Kuitazama hakuna gharama kubwa. Kuirudisha nyumbani ndilo jambo zito, na ndilo twataka kulisema leo.

Hivi karibuni alitujia mwalimu mmoja wa shule ya sekondari huko Iramba. Anafundisha historia. Alituambia hivi: "Kila siku watoto husema, Mwalimu, sina hela ya daftari. Nami huwaeleza ya kwamba hela lilikuwa jina la sarafu ya Wadachi, heller, na hela mia moja zilifanya rupia moja. Wananitazama tu. Neno wanalo mdomoni tangu kuzaliwa kwao, lakini kitu chenyewe hawajakiona. Nikaona heri niwaletee hela moja, kila mtoto aishike mkononi mwake."

Mwalimu huyu hakuwa na tamaa ya sarafu ya dhahabu. Alijua ya kwamba hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Alitafuta ndugu yake maskini, yaani hela 20 ya shaba ya manjano, iliyotengenezwa katika karakana ile ile na mwaka ule ule wa 1916. Hiyo, ikiwa imechakaa kidogo, hupatikana kwa dola kumi au ishirini hivi. Akaiona katika mnada mmoja wa intaneti huko Ujerumani. Akakesha usiku akiongeza bei kidogo kidogo, na mwishowe sarafu ikawa yake kwa euro 12. Asubuhi akaingia darasani mwenye furaha, akawaambia wanafunzi wake ya kwamba hela inakuja.

Siku ya pili ikaja hesabu. Juu ya bei kulikuwa na ada ya mnunuzi. Kisha nauli ya kifurushi mpaka Tanzania, euro 40. Kisha bima. Nauli peke yake ilikuwa imezidi bei ya sarafu zaidi ya mara tatu, na ushuru wa hapa nyumbani ulikuwa haujaguswa bado. Mwalimu alihesabu mshahara wake, akahesabu karo ya watoto wake mwenyewe, akaona haiwezekani. Akaandika barua ya kuomba radhi. Sarafu ikauzwa kwa mtu mwingine, na jina lake likaandikwa miongoni mwa wanunuzi wasiolipa. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote, kwani ni mtu ambaye hajapata kudaiwa hata katika duka la jirani.

Hakutujia kuomba fedha. Alituuliza swali moja tu: "Ndugu Mhariri, kutoka Dar es Salaam mpaka Singida ni karibu kilometa 700, na kifurushi huletwa kwa basi kwa shilingi elfu chache. Kwa nini kipande cha shaba kisichofikia uzito wa betri ya redio kidai nauli ya namna ile?"

Twaona ya kwamba swali hili ni la haki, na jibu lake lawafaa watu wengi ambao hawajapata kukusanya sarafu hata siku moja.

Kwanza yafaa tujue sarafu zenyewe zilizaliwaje. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza, fedha za koloni la Wadachi zilipigwa chapa huko Berlin na Hamburg, zikaletwa kwa meli. Vita vilipoanza mwaka 1914 njia hiyo ikawa ya hatari, na tarehe 1 Machi 1915 Waingereza wakatangaza kuifunga pwani yote kwa manowari zao. Fedha za Ulaya zikawa hazifiki tena. Serikali ya Wadachi ikachapa noti hapa hapa, lakini watu hawakuziamini sana, kwani karatasi hulowa, huchanika, na mwenye kuitoa akishindwa vita haina maana tena.

Basi wakageukia Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika hapo mwaka 1912, nako kulikuwa na karakana ya reli yenye mashine na mafundi. Katika mwaka 1916, maganda ya mizinga iliyokwisha kupigwa, pamoja na shaba nyingine, yaligeuzwa kuwa hela 5 na hela 20. Na dhahabu iliyotoka Sekenke ikageuzwa kuwa sarafu ya rupia 15. Jumla ya sarafu 16,198 za dhahabu zilipigwa chapa. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Msomaji akizidisha ataona ya kwamba zote pamoja zilibeba karibu kilo 87 za dhahabu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Sarafu ile ilizaliwa kwa sababu usafiri ulikatika. Kama meli zingalikuwa zinapita, dhahabu ya Sekenke ingalikwenda zake Ulaya kama mali nyingine, wala tembo wa Tabora asingalikuwako. Zaidi ya miaka mia moja imepita, pwani iko wazi, ndege zinatua kila siku, na sarafu hiyo hiyo, hata ndugu yake wa shaba, imeshindwa kurudi kwa sababu ya usafiri. Safari hii hakuna manowari iliyoizuia. Imezuiwa na hesabu iliyoandikwa katika karatasi.

Sasa tuichambue hesabu hiyo. Watu wa Singida wanajua mnada. Mtu akimnunua fahali mnadani, humlipa mwenye mali, hulipa ushuru, humfunga kamba, na fahali huenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka zizini. Bei aliyoisikia kwa dalali ndiyo karibu bei yote. Mnada wa intaneti una sauti kama ya mnada huo, lakini mali yake haina miguu. Bei inayotangazwa ni mwanzo tu wa gharama, na baada yake mikono mingine mitano hunyooshwa.

Mkono wa kwanza ni ada ya mnunuzi. Nyumba nyingi za mnada huongeza sehemu yao juu ya bei, na mara nyingi sehemu hiyo hufikia moja ya tano au hata robo. Jambo hili huandikwa katika masharti, lakini masharti ni marefu na hamu ya mnunuzi ni kubwa.

Mkono wa pili ni nauli yenyewe. Hapa wengi hukosea wakidhani nauli hufuata uzito peke yake. La, sivyo. Nauli ina kiwango cha chini ambacho hulipwa hata kama bahasha ina sindano moja. Bahasha hupokewa, huandikishwa, hupangwa, hupelekwa uwanja wa ndege, hubadilishiwa ndege katika mji mwingine, hupokewa Dar es Salaam, hukaguliwa, ndipo hupelekwa bara. Kazi hizo zote ni zile zile, iwe ndani mna gramu kumi au gramu mia mbili.

Mkono wa tatu ni bima. Kanuni za Umoja wa Posta wa Ulimwengu hazikubali sarafu, dhahabu, fedha wala vito kutiwa ovyo katika barua ya kawaida. Vitu kama hivyo hutakiwa kwenda katika bahasha iliyotangazwa thamani yake, au iliyoandikishwa pale ambapo sheria za nchi zinaruhusu. Nayo baadhi ya makampuni ya vifurushi vya ndege hayapokei sarafu hata kidogo. Kwa hiyo mwenye kununua sarafu hana njia nyingi za kuchagua, na asiye na la kuchagua hulipa anachoambiwa.

Mkono wa nne ni wa forodha. Hapa pana jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Katika nchi yetu thamani ya kitu kinachoingia huhesabiwa kwa bei yake, pamoja na gharama nyingine zinazotajwa na sheria. Juu ya jumla hiyo ndipo ushuru na kodi ya ongezeko la thamani huwekwa, kwa kadiri sheria inavyotaka. Maana yake ni kwamba kodi huweza kuzidi ile inayotokana na bei peke yake. Mwalimu wetu angalitozwa kwa euro 12 za shaba, juu ya zile euro 40 zilizokwisha kutoweka hewani. Tena kampuni iliyoleta kifurushi kwa kawaida hudai ujira wake kwa kazi ya kukitoa forodhani.

Mkono wa tano ni ule wa kubadilisha fedha. Shilingi hugeuzwa kuwa dola au euro, na kila inapogeuzwa hupungua kidogo.

Mtu akikusanya mikono hiyo mitano ataelewa kwa nini kitu cha euro 12 chaweza kumfikia mtu wa Kiomboi kwa bei ya mbuzi mzuri. Wala tusiseme ya kwamba muuzaji wa Ujerumani ni mwizi. Yeye mwenyewe hulipa posta ya kwao, na huenda faida yake katika sarafu ile haikutosha kikombe cha kahawa.

Je, mambo yalikuwa hivi siku zote? Hapana. Tarehe 9 Oktoba 1874 wajumbe wa nchi 22 walitia sahihi mkataba katika mji wa Bern huko Uswisi, na kutoka humo ukazaliwa Umoja wa Posta. Mtu aliyeupigania sana ni Heinrich von Stephan, mkuu wa posta ya Ujerumani. Shauri lake lilikuwa rahisi na zuri: dunia nzima ihesabiwe kuwa nchi moja ya posta. Kila nchi ibaki na fedha ya stempu inazouza, na ifikishe barua za wenzake bila kudai malipo, kwa kuwa kila barua huzaa jibu. Tanganyika huru iliingia katika Umoja huo mwaka 1963.

Shauri hilo lilifaa kwa barua za salamu. Lakini vifurushi vya biashara havina jibu. Nchi moja hupeleka mamilioni, nyingine hupokea tu na kuchoka kwa kugawa. Kwa hiyo katika mkutano wa Tokyo mwaka 1969 ilikubaliwa ya kwamba nchi inayopeleka mizigo mingi kuliko inayopokea iilipe nchi ya pili kwa kazi ya kufikisha. Viwango vilipangwa ili nchi changa zisaidiwe. Lakini biashara ya intaneti ilipokua, viwango hivyo viliifaa sana China, ambayo haikuwa tena nchi ndogo, na ndiyo sababu moja ya kifuniko cha simu kutoka China kufika mbali kwa nauli ndogo hata watu wakashangaa.

Mwaka 2018 Marekani ikatishia kujitoa katika Umoja. Septemba 2019 wajumbe waliitwa Geneva kwa mkutano wa dharura, wakapatana ya kwamba nchi zinazopokea zaidi ya tani 75,000 za barua na vifurushi vidogo kwa mwaka ziruhusiwe kujiwekea viwango vyao wenyewe, kuanzia Julai 2020. Mwaka huo huo wa 2020 ugonjwa wa Korona ukasimamisha ndege nyingi, na nauli za mizigo ya anga zikapanda. Mambo hayo yaliamuliwa mbali na Iramba, lakini uzito wake hushuka mpaka meza ya mwalimu wa Iramba.

Iko sababu nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Mtu yeyote aliyepata kutafuta gari la kwenda kijijini Mkalama wakati wa masika anaijua. Lori likijaa, kila gunia hulipa kidogo. Likiwa na gunia moja, gunia hilo hulipa lori zima. Vifurushi vinavyotoka Ulaya kuja kwetu ni vichache, nasi tumetawanyika, kila mtu akiagiza chake peke yake kwa siri yake. Ndege haioni mkoa wa Singida. Huona bahasha moja moja, na kila bahasha huilipisha kama gunia lililo peke yake.

Tunajua wako watakaosema: "Hayo ni mambo ya anasa. Mwananchi anataka maji, dawa na mbolea. Habari ya sarafu mbovu za Wadachi yatuhusu nini?" Twawajibu kwa heshima. Mwenye mashine ndogo ya kukamua alizeti, kifaa kimoja kikivunjika na hakipatikani Dar es Salaam, huagiza ng'ambo, naye hukutana na mikono ile ile mitano, huku mbegu za watu zinangoja mlangoni. Mwanafunzi anayehitaji kitabu ambacho hakiuzwi hapa hukutana nayo. Mzee anayehitaji kifaa cha kusikilia hukutana nayo.

Na mama anayesuka vikapu, akipata mnunuzi wa ng'ambo anayetaka kikapu kimoja, huona nauli imekila kikapu chenyewe. Tena tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Kwa hiyo sarafu ya mwalimu ni mfano mdogo wa jambo kubwa. Tumeichagua kwa sababu ni ndogo, na katika kitu kidogo gharama huonekana wazi.

Wala hatukubali ya kwamba historia ni anasa. Waliochimba Sekenke walikuwa watu wetu. Waliofukuta katika karakana ya Tabora, mbali na mabwana wachache, walikuwa watu wetu. Mtoto anayetamka neno hela bila kujua lilitoka wapi ni kama mtu anayekaa katika nyumba asiyomjua aliyeijenga. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, na mwalimu anayetumia fedha zake mwenyewe ili watoto wasiwe watumwa wa namna hiyo anastahili kusaidiwa.

Basi tufanye nini?

La kwanza ni la kila mnunuzi mwenyewe. Aulize nauli kabla ya kutaja bei. Aandike katika karatasi bei, ada, nauli, bima, ushuru na hasara ya kubadilisha fedha, ajumlishe, kisha ajiulize kama kitu hicho kina thamani ya jumla hiyo. Kama hakina, anyamaze na kulala. Usiku wa mnada una ulevi wake, na aliyelewa hushindana hata na kivuli. Tena awe mwangalifu, kwani sarafu za Tabora, hasa za dhahabu, zimeigizwa sana na mafundi wadanganyifu. Kulipa nauli ghali kwa kitu cha bandia ni msiba juu ya msiba.

La pili ni kununua pamoja. Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa rafiki. Hela 20 moja ina uzito wa gramu kumi hivi. Nane hazifiki hata gramu mia. Bahasha ya euro 40 iliyobeba sarafu moja imeitoza sarafu hiyo euro 40. Bahasha hiyo ikibeba nane, kila moja imetozwa euro 5, na pengine nyongeza kidogo kwa uzito na bima. Wauzaji wengi hukubali kumwekea mnunuzi vitu vyake mpaka vitimie, ndipo wavipeleke kwa mara moja. Shule nane za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni zikiagiza kwa jina moja, kila shule itapata sarafu yake kwa gharama inayovumilika. Wakulima wa mkoa huu waliufahamu ushirika kabla ya kuwako intaneti. Walijua ya kwamba gunia moja la dengu au la alizeti halina sauti mbele ya mwenye lori. Jambo hili ni lile lile, ila lori limekuwa ndege. Lakini ushirika hutaka uaminifu: awekwe mshika fedha mmoja, na kila senti iandikwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

La tatu ni ndugu zetu walio ng'ambo. Wako watu wa Singida wanaosoma na kufanya kazi Ulaya, na wengi hurudi kuwaona wazazi wao. Kifurushi kinachopelekwa ndani ya Ujerumani kwenda mji mwingine wa Ujerumani hulipa nauli ndogo. Ndugu akikipokea huko aweza kuja nacho mfukoni. Ila akifika asikifiche. Akitangaze forodhani kama sheria itakavyo, kwani hatutaki watoto wafundishwe historia kwa kitu kilichoingia kwa mlango wa nyuma.

La nne ni la wakubwa. Makao makuu ya Umoja wa Posta wa Afrika yako Arusha, katika jengo lililofunguliwa mwaka 2023. Si mbali na Singida. Twaomba posta za Afrika zifikirie namna ya kukusanya vifurushi vidogo vingi katika mfuko mmoja, ili mtu wa bara asitozwe kama mtu aliyekodi ndege peke yake. Na wenye mamlaka ya kodi twawaomba watazame kama vitu vya historia yetu vinavyorudi kwa ajili ya shule na makumbusho vyaweza kufunguliwa mlango ulio rahisi zaidi. Taifa halipati utajiri kwa kuitoza kodi hela moja ya darasani.

La tano, nalo twaliweka mwisho ingawa pengine lilistahili kuwa la kwanza, ni kutafuta nyumbani kabla ya kwenda mbali. Mwalimu wetu, baada ya kushindwa, aliwaagiza wanafunzi wake wakawaulize babu na bibi zao kama kuna fedha za zamani katika vibweta vyao. Kwa wiki mbili hakuja mtu. Kisha msichana mmoja akaja na sarafu iliyofungwa katika pindo la kitambaa, yenye tundu katikati. Darasa zima likasimama. Mwalimu akaitazama, akaona pembe mbili za tembo zimelizunguka tundu, na maneno ya Kiingereza. Haikuwa hela ya Wadachi. Ilikuwa senti kumi ya Afrika Mashariki ya wakati wa Waingereza, ambayo haina bei kubwa katika mnada wowote.

Lakini bibi yake msichana alikuwa ameiweka tangu ujana wake, nayo ilikuwa na hadithi: nani aliipata, kwa kazi gani, na ingalinunua kitu gani siku hiyo. Mwalimu alifundisha somo zima kwa senti hiyo, kisha akairudisha kwa mwenyewe siku ile ile, ikiwa imefungwa vile vile. Nauli yake ilikuwa miguu ya mtoto kutoka nyumbani mpaka shuleni.

Twaambiwa ya kwamba sasa walimu saba wa shule mbalimbali wamekubaliana kuchanga kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na mmoja wao ameshika daftari. Mwalimu wetu amemwandikia tena yule muuzaji wa Ujerumani, akaeleza bila kuficha yaliyompata, na akauliza jambo moja kabla ya jambo lolote lingine: nauli ya sarafu saba katika bahasha moja ni kiasi gani?

Hilo ndilo swali la mtu aliyejifunza. Dhahabu ya Sekenke ilitoka kwetu pasipo sisi kuulizwa, na waliolipa gharama ya kuitoa ardhini walikuwa babu zetu. Kuirudisha yote hatuwezi. Lakini hela moja kwa kila shule twaweza, kama tutakubali kuihesabu nauli pamoja na kuibeba pamoja.